Trai 279 za Collins Injera: ni mbio, ni akili, au ni kaka yake?

#1 Winga Teleza
Wakuu salama? Niende moja kwa moja kwenye mada. Juzi tulikuwa tunabishana na jamaa zangu kuhusu Collins Injera, yule winga wa Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba. Jamaa mmoja akasema "yule alikuwa mbio tu, mtu yeyote mwenye mbio angefunga zile trai". Nikanyamaza kwa heshima maana nyumba yake na chai yake, lakini moyoni nikasema huyu haangalii raga, anaangalia mpira ukivuka mstari basi.

Trai ni kuvusha mpira na kuugusisha chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na Injera alimaliza na 279 kwenye mzunguko wa dunia wa raga ya saba, ule wa mashindano ya kituo kwa kituo kila msimu. Mei 2016 pale Twickenham, London, alifikisha ya 231 akampita Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na 230, akawa mfungaji namba moja wa muda wote. Mkenya huyo, kwenye mchezo ambao wapinzani wako ni Fiji, New Zealand na Afrika Kusini. Sasa mimi nasema hivi, mbio alikuwa nazo sawa, ila kulikuwa na watu wenye mbio kumzidi na hawakufika hata nusu ya hizo. Mimi naona siri ni kufuata mpira. Mwenzake akipenya ukuta, yeye yuko hatua mbili nyuma upande wa ndani anangoja pasi kama mtu anayengoja chenji. Nyie mnaonaje?

#2 Tandale One
Injera si ile chapati ya Wahabeshi yenye matundu matundu? 😂 Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Kulabu77
Tandale One heshima kidogo mkuu, hilo jina lilitetemesha Dubai mpaka Wellington.

OP umenena ila umesahau jambo, na mimi kama mtu wa klabu ya Mwamba siwezi nikaliacha lipite. Injera hakuwa peke yake. Pale ndani kulikuwa na Humphrey Kayange, kaka yake wa damu, halafu kuna mdogo wao Michael Agevi naye wa raga. Wote Mwamba. Sasa mtu umekua unacheza na kaka yako tangu uani nyumbani, unajua akiinamisha bega anaenda wapi, unajua atapasia saa ngapi, hiyo huwezi kuifundisha kambini wiki mbili. Nusu ya hizo trai za mwanzo mimi nampa Kayange. Alikuwa mrefu, anaruka anachukua mpira wa kuanzia, anavuta mabeki wawili kisha anaachia. Injera anamalizia.

#4 mama_wawili
Kayange, Injera, Agevi, ndugu wa tumbo moja majina matatu? Hapo mmenichanganya.

#5 Shemeji wa Kakamega
#4 kwetu Magharibi ni kawaida mama. Kila mtoto anapewa jina la mtu wa ukoo, babu huyu, mjomba yule, na jina la baba si lazima litumike kila mahali. Mimi na ndugu zangu tuko watano na hakuna wawili wenye jina la mwisho linalofanana, tukienda kufungua akaunti benki tunatazamwa kama matapeli.

#6 Refa Mstaafu
Salaam. Nirekebishe kidogo kabla uzi haujaenda mbali watu wakabeba nusu habari. Rekodi ya Injera haikukaa. Dan Norton wa Uingereza alimpita mwaka uliofuata, 2017, na akaja kumaliza na trai 358. Kwa hiyo tukisema "mfungaji bora wa muda wote" tuseme alikuwa, tusiseme ni.

Lingine, watu wanaongea kuhusu 2016 kana kwamba ndipo alipoanza. Aliingia Shujaa 2006. Msimu wa 2008/09 ndio alikuwa mfungaji bora wa mzunguko mzima, trai 42. Msimu ule ulikuwa na vituo vinane tu. Gawanyeni wenyewe, ni zaidi ya trai tano kila kituo, na kila kituo timu inacheza mechi tano au sita. Karibu trai moja kila mechi, na mechi ni dakika 14.

#7 Tandale One
Dakika 14?? Yaani mpira unaisha kabla sijamaliza kuegesha pikipiki?

#8 Refa Mstaafu
Ndiyo. Saba kwa saba, dakika saba kila kipindi, kwenye uwanja uleule wanaocheza watu kumi na tano kila upande. Zamani fainali zilikuwa dakika kumi kumi. Trai ni pointi 5, ukipiga konvesheni ikapita kati ya nguzo unaongeza 2, na kwenye saba konvesheni inapigwa kwa kudundisha, huweki mpira chini. Nafasi ni kubwa sana kwa watu wachache, ndiyo maana kosa moja ni mita sitini.

#9 Babu Kikofu
Asante refa kwa somo. Sasa niweke hoja yangu mezani. Nyote mnaongelea miguu na undugu, hakuna aliyetaja mpira wa kuanzia. Kwenye saba aliyefunga ndiye anayepiga mpira wa kuanzia tena, tofauti na kumi na tano ambako aliyefungwa ndiye anapiga. Maana yake nini? Ukifunga, halafu ukapiga mpira juu ukaning'inia vizuri na una watu warefu wa kuruka kuunyaka, mwenzako anaweza kumaliza dakika nne hajagusa mpira. Kenya enzi zile walikuwa wanaogopwa hapo. Kayange anaruka, baadaye Oscar Ouma, Andrew Amonde, na Willy Ambaka yule jitu. Mpira unarudi kwetu, ukuta wa wapinzani haujajipanga, pasi mbili Injera yuko pembeni. Kwa hiyo siri si Injera, siri ni wale waliokuwa wanaruka. Winga ni kama mtu wa kupakua chakula, mpishi yuko jikoni hamumuoni.

#10 Winga Teleza
Babu Kikofu unaonekana ulicheza mbele wewe, watu wa mbele mna wivu toka enzi na enzi 😂

Ila nakukubalia nusu. Sasa nijibu hili: wote waliocheza winga kwenye timu hiyohiyo walikuwa wanapata mipira hiyohiyo ya kuanzia. Kwa nini wao hawakufika 279?

#11 Babu Kikofu
Kwa sababu hawakucheza miaka kumi na zaidi. Rahisi tu. Mpe mtu mwingine misimu yote ile uone.

#12 Mtaalam wa Goti
Hapo Babu ndipo umegusa penyewe na mimi nataka nikae hapohapo. KUDUMU. Watu wanahesabu trai, mimi nahesabu magoti.

Nilicheza winga klabu moja ya Nairobi, sitaitaja, ligi ya chini. Msimu wangu wa pili nilikanyaga vibaya wakati nakata stepu kwenda kushoto, hakuna aliyenigusa, nikasikia kitu kama fimbo kavu ikikatika ndani ya goti. Kano ya mbele. Jioni goti limejaa kama tikiti. Klabu ikanipa barafu na pole, operesheni tukachanga familia, nikakaa miezi tisa, niliporudi kila nikitaka kukata stepu kushoto akili inasema acha. Mbio zilirudi wakuu, nawaambia ukweli, saa ilikuwa inasoma vilevile. Kilichokufa ni ule uthubutu. Nikaacha.

Kwa hiyo nikimwona mtu ameanza 2006 na 2016 bado yuko winga kimataifa, si kumi na tano ambako winga anaweza akazurura nusu saa, bali saba ambako unakata stepu kila dakika, siulizi mbio. Nauliza alikuwa analala saa ngapi, anakula nini, na nani alikuwa anamkanda.

#13 Dada Nakuru
#12 pole sana kaka. Hilo la uthubutu nimelielewa, mume wangu hivyohivyo.

Mimi si mtaalam ila huwa siachi mashindano ya saba ya Prinsloo yakija kwetu Nakuru. Nilimwona Injera kwa karibu kwenye ule mstari wa pembeni, na kilichonishangaza ni jinsi anavyoongea. Wachezaji wengi wakichoka wanakuwa mabubu, yeye mdomo haukauki. "Ndani, ndani, ndani." Anamwita mwenye mpira hata kabla hajapenya. Nilikuwa nadhani anapiga kelele tu kumbe anamwambia mwenzake niko hapa usigeuke kutafuta.

#14 Winga Teleza
Dada Nakuru nakupa maua yako 🌹🌹 hiyo ndiyo hoja yangu yote umeiweka kwa neno moja. NDANI.

Ngoja nieleze kwa wasiojua. Kwenye raga pasi inaenda nyuma, haiendi mbele. Mtu akipenya ukuta mabeki waliobaki wote wanakimbilia upande wa nje kumziba maana wanajua huko ndiko kuna nafasi, na yule wa mwisho nyuma anabaki peke yake. Sasa winga wa kawaida anabaki nje palepale pembeni kwa chaki anangoja aletewe, na mabeki wanamsindikiza. Mjanja anaacha eneo lake anakuja ndani, nyuma ya bega la mwenye mpira, huko ambako mabeki wameshapita. Akipewa anakuwa na njia nyeupe mpaka kati ya nguzo, na konvesheni inakuwa rahisi. Hiyo mbio ya mita hamsini ya kumfuata mwenzako mara tisa kati ya kumi hupewi kitu. Unarudi unatembea na mapafu yanawaka moto. Mara ya kumi ndiyo unaandikwa gazetini.

#15 Chungwa Bichi
Mkuu umeandika vizuri ila kuna matango pori humu. Mnamfanya Injera kama profesa wakati mbio alikuwa nazo. Nani alimkamata akishatoka? Mtu amepewa mpira nje, mbele yake beki mmoja, anazunguka nje anaondoka. Nimeona hizo nyingi kuliko hizo za "ndani ndani". Mbio ni mbio.

#16 Kulabu77
#15 kama ni mbio tupu Carlin Isles wa Marekani angekuwa na trai elfu. Yule alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.13, mwanariadha kabisa aliyehamia raga. Alifunga nyingi sana, simdharau, ila hata yeye ilibidi afundishwe raga upya, kuangusha watu, kushika mpira wa juu, kusimama wapi.

#17 Chungwa Bichi
Sasa Isles si alifunga nyingi? Umenisaidia hoja yangu bila kujua 😂😂

#18 Kulabu77
Aisee.

#19 Pwani Kwetu
Hamjambo. Mnabishana kama watu wanaogombania mahari. Mimi nataka kuwakumbusha Singapore tu. Jumapili ile ya Aprili 2015, mchana, tuko Mombasa tumejibana kibanda kimoja cha televisheni, kila mtu alikuja kuangalia soka, sisi watu watatu tunaomba rimoti kwa unyenyekevu "dakika ishirini tu jamani". Fainali, Kenya na Fiji. Trai ya kwanza watu wanatuangalia sisi. Ya pili wanaangalia televisheni. Ya tatu mwenye kibanda amesimama juu ya kreti ya soda. Mwisho 30 kwa 7. Fiji! Mzee mmoja ambaye hajui raga wala nini analia, namuuliza baba unalia nini, ananiambia "sijui mwanangu, lakini tumeshinda".

#20 Refa Mstaafu
#19 ni 2016, tarehe 17 Aprili. Mengine yote sawa, 30-7, kombe kuu la kwanza kabisa la Kenya kwenye mzunguko. Na Injera ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali ile.

#21 Pwani Kwetu
Ahsante refa, furaha haina kalenda.

#22 mama_wawili
Kocha siku ile si alikuwa marehemu Ayimba?

#23 Mzee wa Railways
Ndiye. Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu, alituacha Mei 2021. Na hapa ndipo nilitaka kuingilia maana nasoma tangu asubuhi naona jina la kocha halitajwi.

Mimi nimeanza kukanyaga uwanja wa Railways, Nairobi, kuangalia Mwamba kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwamba yenyewe ilianzishwa 1977 na Waafrika waliotaka klabu yao, wakati raga Nairobi ilikuwa bado ni mambo ya wazungu na shule za wakubwa. Kwa hiyo nimeona mawinga. Nimeona Allan Makaka, marehemu naye, kijana aliyekuwa akipokea mpira uwanja mzima unasimama. Kama ni mbio na kipaji cha kuzaliwa, wazee wenzangu wengi watakwambia Makaka. Lakini Makaka alikuja kipindi ambacho Kenya ilikuwa inaalikwa vituo vichache, timu inasafiri ikiwa imefungasha matumaini tu. Injera amekuja wakati mlango umefunguka.

Ayimba ndiye aliyekuwa kocha 2009 kule Dubai, Kombe la Dunia la raga ya saba, tulipowapiga Fiji 26-7 robo fainali. Nusu tukatolewa na Argentina 12-0. Mwezi uliofuata Adelaide tukafika fainali ya kwanza ya kituo, Afrika Kusini wakatufunga 26-7. Tazameni sasa, msimu huohuo ndio wa trai 42 za Injera. Halafu Ayimba akaondoka, akarudi, na aliporudi ndio Singapore. Vilele viwili vya Injera, kocha mmoja. Mimi siamini bahati kiasi hicho. Ayimba aliwaachia vijana wacheze, aliwaambia ukiona nafasi nenda, ukikosea ni juu yangu.

#24 Babu Kikofu
Mzee shikamoo. Ila hapo nina neno. Msimu wetu bora kwa nafasi si wa Ayimba, ni wa Mike Friday, 2012/13, tulimaliza wa tano. Tukacheza fainali Wellington na Uingereza wakatushinda muda wa nyongeza 24-19. Na Moscow 2013 nusu fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza haohao 12-5. Friday alileta nidhamu ya ulinzi. Kwa hiyo kocha si mmoja.

#25 Mzee wa Railways
Marahaba mwanangu. Wa tano ndio, lakini kikombe kiko wapi?

#26 Babu Kikofu
🙏 nimekaa chini.

#27 Shemeji wa Kakamega
Mzee ameua. Ila tukihesabu makocha jamani, Injera amepitia Ayimba, Friday, Paul Treu, Ayimba tena, Innocent Simiyu... kila mmoja anakuja na daftari lake. Mmoja anataka mbio, mwingine anataka uangushe watu, mwingine anataka ucheze katikati. Na bado jina lake linarudi kwenye orodha. Mimi naona siri ni hiyo, alikuwa habishani. Kuna vipaji vingapi tumeona vikigombana na benchi la ufundi vikaishia kuchezea mashindano ya ndani kama Dala na Christie tu?

#28 Chungwa Bichi
Usidharau Dala mkuu, kule Kisumu ndiko raha ilipo.

#29 Tandale One
Nina swali la kijinga, mnisamehe. Huyu mtu alipata pesa? Maana huku kwetu mtu akifunga magoli 20 tu kwenye ligi anajengewa ghorofa.

#30 Mtaalam wa Goti
#29 😂😂😂 mkuu umetuumiza.

Raga ya Kenya haina pesa ya hivyo. Wachezaji wa saba walipewa mikataba ya mwezi ikawa afadhali, ila mivutano haijawahi kwisha. Msimu wa 2018/19 wazoefu wengi hawakuwepo kwa sababu ya mambo ya mikataba, wakapelekwa vijana wachanga, wakachubuliwa kila kituo, kidogo tushuke. Ndiyo maana nasema kudumu kwa Injera si mwili pekee. Ni kukubali kurudi mazoezini Jumatatu wakati unajua rafiki yako uliyesoma naye ameshanunua ploti.

#31 Dada Nakuru
Na ndiyo maana wengi wanatafuta kitu cha pembeni. Dennis Ombachi amekuwa mpishi maarufu mtandaoni kuliko alivyokuwa mchezaji. Mwanangu anamjua kwa nyama choma, nikamwambia huyu alichezea Kenya akakataa kabisa, "mama, huyo ni mpishi".

#32 Winga Teleza
😂 Kizazi hicho. Kayange naye nasikia yuko Kamati ya Olimpiki sijui?

#33 Refa Mstaafu
Ndiyo. Kayange alikuwa kwenye ujumbe wa raga uliokwenda Copenhagen 2009 kuomba saba iingie Olimpiki, na ikaingia. 2021 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka huohuo akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa raga duniani, Mkenya wa kwanza. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kaka mkubwa amefika mbali zaidi, ingawa mdogo ndiye mwenye trai.

#34 Chungwa Bichi
Na hiyo Olimpiki waliyoihangaikia wakaenda Rio 2016 wakawa wa mwisho. Miezi minne tu baada ya Singapore. Hapo mtasema nini? Hayo maneno ya kocha na ndani ndani yalikwenda wapi?

#35 Kulabu77
Wa 11 kati ya 12, si wa mwisho. Brazil walikuwa nyuma yetu. Tusichafuane.

#36 Chungwa Bichi
Haya, wa 11. Hongereni sana.

#37 Mzee wa Railways
Rio iliniuma mimi mpaka leo. Sina maelezo nayo. Kila mtu ana yake, wengine wanasema maandalizi, wengine wanasema akili zilibaki Singapore, wengine viongozi. Niliizima televisheni nikaenda kumwagilia sukuma wiki, na mimi si mtu wa bustani.

#38 Pwani Kwetu
Mzee 😂😂 sukuma wiki zilipata bahati.

#39 mama_wawili
Lakini jamani mmezunguka sana. Swali la mwenye uzi lilikuwa siri ni nini, sasa nimesoma kurasa zote nimepata mbio, kaka, kuruka, goti, mdomo, kocha, utii. Tushike lipi?

#40 Babu Kikofu
Shika la kuruka.

#41 Mtaalam wa Goti
Goti.

#42 Mzee wa Railways
Mwanangu, shika ile ya Ayimba.

#43 Shemeji wa Kakamega
Na mimi niongeze lingine basi maana halijatajwa. Ubugu... namaanisha uchu. Nimekuwa nikitazama zile picha za zamani, timu imeshafungwa, iko nyuma kwa trai nne, imebaki dakika moja, haina maana tena, na huyu mtu bado anakimbia kumfuata mwenzake kwa ile mita hamsini aliyosema OP. Anafunga, hashangilii, anaweka mpira chini kwa mikono miwili anarudi kwenye nafasi yake. Trai ya kufutia machozi. Wengine huwa wanatembea hapo. Sasa trai za namna hiyo mbili tatu kila kituo, miaka yote ile, zinajumlika.

#44 Chungwa Bichi
Kwa hiyo trai za machozi ndizo zimempa rekodi? Wewe ndiye umemtukana kuliko sisi wote 😂

#45 Shemeji wa Kakamega
Sijasema hivyo! Pointi ni pointi, refa anapuliza filimbi ileile.

#46 Refa Mstaafu
Thibitisho: filimbi ni ileile.

#47 Winga Teleza
Wakuu nimerudi, samahani kazi zilinibana wiki nzima. Jana nimemwalika yule jamaa aliyeanzisha ubishi, safari hii nyumba yangu na chai yangu, nikamwekea fainali ya Singapore mwanzo mpaka mwisho. Nikawa namsimamishia kila mpira, tazama amesimama wapi kabla hajapewa, tazama beki anaangalia wapi, tazama anavyokuja ndani. Jamaa anatikisa kichwa, "eeh, eeh, naona". Nikajua leo nimemkamata. Imeisha, amemaliza vitumbua vyangu vyote, anasimama anavaa viatu mlangoni, anageuka ananiambia "lakini yule jamaa alikuwa na mbio bwana".

#48 Chungwa Bichi
Mpe huyo jamaa namba yangu. Tunaelewana.

#49 Mtaalam wa Goti
😂😂😂 OP pole.

#50 Dada Nakuru
Wenye ratiba ya Prinsloo mwaka huu waiweke hapa tafadhali, nataka kupanga mapema, safari hii nampeleka mwanangu akaone kwamba wapishi huwa wanacheza raga.

#51 Tandale One
Na mimi nataka kuja. Kuna chapati za matundu huko?